Gome Nililomfunga Mrina Mguuni

Alizaliwa wapi, na nani, mwaka gani, msiniulize. Sijui, na sikuwahi kutafuta. Nilimkuta hapa kijijini Mwamkulu akiwa tayari mtu mzima, ana mke, ana mizinga msituni na ana mdomo. Wote tulimwita Mrina, maana kazi yake ilikuwa kurina asali, na hata mkewe alimwita hivyo hivyo. Tulikaa majirani miaka mingi, nyua zetu zikitengwa na mstari wa mihogo tu. Ninachotaka kusema hapa ni habari ya mguu wake, na kama niliuua mimi au sikuuua. Lakini mguu una mwenyewe. Nianze na mwenyewe.

Yeye Mkonongo, mimi Mfipa. Kama makabila yetu yana utani wa kweli, ule wa tangu wazee, sijui. Ukiuliza huyu anasema upo, ukiuliza yule anasema hakuna. Sisi tuliuanzisha wenyewe. Siku ya kwanza alikuja asubuhi kuomba moto, mimi namenya viazi. Akasema, "Nipe moto, mtani."

"Mtani wako nani? Moto wa Wafipa unaunguza waongo."

"Basi leta. Mimi nilishaungua kitambo."

Tangu siku hiyo adabu ilituishia. Akipita nikiwa napika ananiuliza kama leo chumvi imeonyeshwa njia ya sufuria. Na mimi nikimwona anatoka msituni amevimba uso namwambia leo kapendeza, angekuwa hivyo tangu ujana angepata mke mzuri zaidi. Mkewe alikuwa anacheka kuliko sisi.

Maana nyuki walimuuma, msidanganywe na watu wanaosema mrina haumwi. Alikuwa na msemo wake: "Nyuki hakuumi wewe, anauma haraka yako." Aliwaambia hivyo watoto wa kijiji chote. Siku moja karudi jicho limefunga kabisa, nikamuuliza, "Leo waliuma haraka ya nani?"

"Ya kwao," akasema. "Walikuwa na haraka ya kuniuma."

Mtu huyo huyo ambaye kundi la nyuki halikumshusha mtini, akiona kinyonga kwenye uzio anamwita mkewe. Mkewe anamwondoa kinyonga kwa kijiti, na yeye kasimama ndani ya mlango anauliza kama keshaenda. Msituni alikuwa anatembea kimya, watu waliokwenda naye wanasema unaweza kumpoteza ukiwa nyuma yake hatua tano. Nyumbani hakunyamaza hata akila.

Kwenye asali alikuwa mkweli mpaka anakera. Mtu akija na chupa, kabla hajaionja anamwambia, "Hii ina maji, haitakaa. Njoo mwezi ujao." Mtu anaondoka na chupa yake tupu. Lakini kwenye tumbaku alikuwa mwongo kupindukia. Alikuwa na kijishamba chake nyuma ya choo, anakausha majani darini, anasokota kwenye gazeti, anavuta tangu anaamka. Mkewe akilalamikia harufu, anasema ni moshi wa kufukuzia nyuki umeganda kwenye nguo. Hata miezi ambayo hakukanyaga msituni moshi huo ulikuwa umeganda tu.

Mizinga yake ilikuwa ya magome, ya zamani, si ya mbao kama hii ya siku hizi. Mvua zikikolea ndipo magome yanabanduka vizuri. Anachagua mti wa mtundu uliosimama sawa, anaupiga kofi kama unavyompiga ng'ombe begani, anausikiliza. Anakata duara juu, anakata duara chini, anachana wima, halafu anaingiza vigingi polepole mpaka gome linatoka zima, kama gauni. Analizungusha tena lilivyokuwa mtini, analifunga kwa kamba za magamba ya myombo, anaziba huku na huku. Gome likishakauka halikunjuki tena hata ulikalie. Yale yaliyompasukia aliniletea mimi ya kuwashia moto, kwa hiyo ugumu wa gome niliujua kwa mikono yangu.

Sasa kusalimia. Kwetu mtu akikutana na mkubwa wake anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti iwe nzito, mpaka salamu iishe. Vijana wa miaka ile walishaanza kuinama nusu, kama wameangusha kitu. Mrina hakuwa wa kabila letu, ila alipoikuta desturi hii aliichukua akatupita wenyewe. Alichuchumaa mpaka makalio yakakaa juu ya visigino. Njiani, kwenye tope, popote. Nimewahi kumwona na ndoo mbili za asali kwenye mti wa begani, akakutana na kaka mkubwa wa mume wangu. Akashuka nazo mpaka chini, akapiga makofi, akainuka nazo. Hakikumwagika kitu. Wazee walimpenda kwa hilo. Walisema, "Huyu mgeni ana magoti." Na yeye alikuwa anajua kwamba wanasema, na akiyasikia anatembea siku nzima kama kavishwa kilemba.

Kwa hiyo mnaelewa ni kitu gani kilimpata.

Mguu ulianza kwa kubana. Ilikuwa mwanzoni mwanzoni mwa miaka ya tisini, sisi Mpanda tukiwa bado mkoa wa Rukwa. Akitembea kidogo, nyama ya nyuma ya mguu wa kulia inamkaba kama imeingia kwenye tanzi la sungura. Akisimama, inaachia. Akianza tena, inakaba tena. Halafu kidole gumba kikawa cheusi. Wengine walisema kakanyaga kitu kilichotegwa. Tabibu wa zahanati, kijana mmoja mtaratibu kutoka Karema, aliushika unyayo, akaweka vidole juu yake, akaweka nyuma ya kifundo, akasema humu damu haifiki. Akaandika barua. Mrina na mkewe wakapanda treni, wakaenda hospitali kubwa huko mbali, wakapotea miezi miwili.

Walirudi mvua zimekolea. Mrina kanenepa, kavaa suruali ya kitambaa kizuri, uso unang'aa. Alipoipandisha suruali tuone, mguu mbovu ulikuwa umeshonwa kutoka juu ya paja mpaka chini ya goti. Na ule mzima nao umeshonwa.

"Huu nao ulikosa nini?" nikamuuliza.

"Mtani, daraja la njia ya Karema likivunjika, magari yanafanyaje?"

"Yanachepuka porini, yanatokea mbele."

"Basi. Mshipa mkubwa wa mguu huu umeziba kwa ndani. Wamechukua mshipa kwenye mguu mwingine, wakaushona hapa juu, ukapita pembeni ya goti, wakaushona tena hapa chini. Damu inachepuka."

"Na huo mguu mwingine umebaki na nini?"

"Una mingi, huo. Na tena wameugeuza kichwa chini, maana kwa ndani mshipa una vilango vinavyofunguka upande mmoja."

Hapo nilipotea. Vilango ndani ya mshipa, mshipa wenyewe umegeuzwa, na mtu anatembea. Lakini niliushika unyayo wake na ulikuwa wa moto kama mkate. Nikaamini unyayo, maneno nikayaacha.

Nesi aliyekuwa anamtafsiria daktari mgeni alimpa masharti. Mrina aliyahesabu kwa vidole, na kila siku hesabu haikuwa moja. Usichuchumae. Usipige magoti. Usikalie kigoda kifupi muda mrefu. Usiweke mguu juu ya mguu. Hayo aliyasema kwa sauti. La kutembea kila siku, leo alilitaja, kesho hakulitaja. La kuacha tumbaku nililisikia kwa mkewe tu. Kwenye kinywa cha Mrina halikuwahi kupita.

Nikamuuliza, "Goti halitakiwi kukunjwa, na unatakiwa utembee. Utatembeaje? Kama korongo?"

Akafikiri. "Hata korongo anakunja," akasema.

Tukabaki hivyo, yeye hajui na mimi sijui.

Wiki ya pili tangu arudi alifariki kaka mkubwa wa mume wangu, yule wa ndoo za asali. Msiba ulikuwa kwangu. Kila anayeingia anachuchumaa mbele ya wazee waliokaa kwenye mkeka, anapiga makofi, anatoa pole. Mrina akaja. Suruali yake ya kitambaa, uso wake unang'aa, anatembea vizuri kabisa. Akafika mbele ya mkeka akasimama wima. Akainamisha kichwa, akapiga makofi akiwa amesimama. Uwanja wote ukageuka kumtazama. Mzee mmoja akasema chini chini, "Kaondoka na treni, karudi bwana mkubwa."

Mimi ni mtani, na mtani msibani ana kazi yake. Watu wakizidiwa na uzito, yeye ndiye anawapunguzia. Nikasema kwa sauti ya kufika kila pembe, "Jamani msimlaumu. Huko alikokwenda wameyatoa magoti wameyabakiza, wanafundishia wanafunzi."

Watu walicheka. Wafiwa nao walicheka. Mjane, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, alijifunika khanga usoni mabega yakatikisika. Mrina naye alicheka. Nikajisikia nimefanya vizuri, nikarudi jikoni kwenye ugali.

Baada ya siku nne Mrina alituita uani kwake: mimi, mume wangu, na wazee watatu wa jirani. Alitaka aeleze ili isionekane dharau. Akasema, daktari alishika ule mpira wa dripu, maji yanapita ndani, akaukunja, maji yakasimama. Ndivyo damu inavyosimama kwenye mshipa ule goti likikunjwa mpaka mwisho. Wazee wakaangaliana. Mpira wa dripu waliujua wawili, na hao wawili walipouona walikuwa wamelala mahututi.

"Ngoja niwaonyeshe," akasema.

Mpira wenyewe haukuwepo. Akaenda kwenye mpapai wake, akakata jani, akatoa bua lake. Mnajua bua la papai lina tundu katikati, watoto wanapulizia. Mkewe akamimina maji upande huu, yakatokea upande wa pili, vizuri kabisa, wazee wakaitikia. Halafu Mrina akalikunja katikati.

Likalia. Likapasuka pale pale kwenye kunjo, maji yakamwagika miguuni kwake.

Mkewe akaweka kikombe chini. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo ukichuchumaa mara moja tu?"  Mrina mwenyewe aliliangalia bua kama mtu aliyeletewa habari. Mimi niliona kwa macho yangu damu yote ya mtani wangu inamwagikia ndani ya suruali ile. Nikasema, "Goti hili halitakunjwa tena nikiwa hai."

Na mimi kufunga najua. Mjukuu wangu alivunjika mkono, niliufunga, na mkono huo huo ndio alioandikia mtihani akafaulu, wa kwanza kwenye ukoo wetu. Nimefunga mbuzi, nimefunga fundi aliyeanguka kutoka kenchi za paa. Watu walitoka mbali kuja kwangu. Kwa hiyo sikuuliza mtu. Mvua zilikuwepo, magome mabichi yalikuwepo. Nilichukua gome la mtundu alilolileta yeye mwenyewe kwa ajili ya mzinga, nikalikata kutoka katikati ya paja mpaka juu ya kifundo, nikalizungusha. Nilitaka kulifunga kwa ndani ya suruali, ili mtu mzima asionekane kama kikapu.

"Fungia juu ya suruali, mtani," akasema.

Nikafungia juu. Kamba za myombo, mizunguko tisa. Likakauka mguuni kwake, likawa jiwe.

Tulimfunga mvua zikiwa katikati na tulimfungua mahindi yanavunwa. Miezi yote hiyo Mrina alikaa kwenye kiti kirefu mbele ya nyumba, mguu umenyooshwa juu ya kisiki. Wazee waliopita njiani waliingia wenyewe. "Usiinuke, baba, usiinuke kabisa." Yeye anapiga makofi akiwa kwenye kiti, kichwa kimeinama, wanakaa, wanapewa asali, wanaondoka wanamsifu. Sijawahi kuona mgonjwa aliyetulia vile. Mimi kila wiki nilikwenda kukaza kamba, maana mguu ulikuwa unakonda na gome linacheza. Nilidhani uvimbe unaisha. Nilifurahi.

Halafu unyayo ukawa baridi. Mkewe aliniambia, nikamwambia ni kipupwe, hata mimi miguu yangu ni baridi. Akauvalisha soksi.

Tabibu alikuja kijijini kupima watoto uzito, akapita kumsalimia Mrina. Aliposimama mbele ya kiti kile hakusalimia.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," nikasema, kifua mbele. Nilidhani anataka kujifunza.

Akaomba kisu, akakata kamba moja moja. Gome lilipotoka, mguu ulikuwa umebaki kama mti wa muhogo. Kwa ndani ya goti, pembeni, ukingo wa gome ulikuwa umechimba mfereji ambao kidole kingelala. Pale pale ndipo mshipa ule ulipokuwa unapita. Akajaribu kulikunja goti, likakataa. Akaweka vidole juu ya unyayo, akaweka nyuma ya kifundo, akakaa. Alikaa muda mrefu sana, kuku wakatupita katikati yetu wakarudi.

"Bibi," akaniambia, "mpira ukiukunja maji yanafanyaje?"

"Yanasimama."

"Ukiukunjua?"

"Yanaenda."

"Basi. Kilichokatazwa ni kukaa umechuchumaa, goti limekunjwa mpaka mwisho na linakaa hivyo. Lakini mtu akitembea, goti linakunja kidogo linakunjuka, linakunja kidogo linakunjuka, na nyama ya mguu inasukuma damu. Mguu huu ulitakiwa uende. Nyie mmeuzika."

"Na bua la papai je?"

"Bua gani la papai?"

Nikamweleza. Alinitazama mpaka nikaangalia chini, na mimi si mtu wa kuangalia chini. Akasema polepole, "Bibi, mshipa si bua la papai."

"Sasa kwa nini hawakumpa huo mpira akaja nao tukauona?"

Akainuka akauliza nani ana mkokoteni. Mpaka leo naona swali langu lilikuwa zuri.

Msukuma mmoja jirani yetu alitoa mkokoteni wa ng'ombe, tukamlaza Mrina kwenye majani, akapelekwa stesheni. Aliporudi safari hii, mguu uliishia chini kidogo ya goti. Goti walimwachia. Na mnisikie vizuri, wale wa hospitali walimfundisha kulifanyisha mazoezi mpaka likakunja na kukunjuka kama mlango mpya.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na lake. Mkewe alisema ni tumbaku. Alipolichukua lile gome akalichome moto, alikuta misokoto mitatu imechomekwa kwa ndani, upande wa paja. Kumbe mgonjwa wangu alikuwa anavuta, anaificha misokoto ndani ya kazi ya mikono yangu. Mume wangu alisema miti imelipiza, kaivua nguo mno. Tabibu nilimfuata mwenyewe zahanati, kwa miguu, nikamuuliza aniambie kwa jina: nani? Akasema inaweza kuwa gome lilikandamiza. Inaweza kuwa kukaa bila kutembea. Inaweza kuwa moshi. Inaweza kuwa mshipa wenyewe ulichoka, maana mingine inaziba hata kwa mtu aliyetii kila kitu.

"Kwa hiyo ni mimi au si mimi?"

"Bibi, siwezi kukwambia."

Nilirudi na majibu manne na nilikuwa nimekwenda na swali moja. Njiani nililipanga hivi, nikalipanga vile. Nikilala ni tumbaku. Nikiamka ni gome. Nikiwa na hasira naye ni tumbaku. Nikimwona anatoka chooni akiruka kwa mkongojo, ni gome, na ni mizunguko tisa, na kila wiki nilikwenda kukaza.

Utani ukaniishia. Alikuwa anapiga kelele kutoka upande wake wa mihogo, "Mtani, chumvi imeonekana leo?" Mimi namjibu, "Habari za asubuhi, baba." Kwa adabu. Adabu kati yetu ilikuwa inauma kuliko tusi. Na watu walioniletea mifupa ya watoto wao niliwaambia macho yameanza kuniishia, waende zahanati. Macho yangu hayakuwa na kitu.

Ilipita miaka kama minne. Binti yao aliolewa Kapalamsenga, ufukweni mwa ziwa kule, akawa anawataka wahamie kwake. Siku moja kabla ya kuondoka Mrina alikuja kuniaga, ana mguu wa mti aliouchonga mwenyewe kwa mninga, umepakwa nta, unang'aa kuliko viatu vya bwana harusi. Mimi nilikuwa nimetandaza mahindi juani. Nikampa kiti. Nikaketi chini kwenye mkeka, nikawa napepeta mahali ambapo palishapepetwa.

Nikasema, na mtani sikumwita, "Mrina, kesho unaondoka. Nataka uniambie. Ni gome?"

"Gome gani?"

"Usinifanyie hivyo."

 Huyu mtu ambaye hakunyamaza hata akila, alinyamaza mpaka nikasikia mahindi yanalia juani.

"Habari ya kutembea niliijua," akasema. "Nesi aliirudia mara tatu. Kila siku, mpaka mwisho wa shamba na kurudi, ukichoka simama, endelea. Na siku ile bua lilipopasuka nilijua halifanani. Mpira haukupasuka. Niliuona. Alipouachia, maji yalikwenda."

"Na bado ukaninyooshea mguu."

"Nikakunyooshea."

"Kwa nini, baba?"

Aliugusa ule mguu wa mti, akausogeza kidogo, kama ulikuwa umekaa vibaya. "Kabla ya gome, ukinitazama unamwona nani? Mtu mzima, kanenepa, kavaa vizuri, anatembea, na hachuchumai. Kila mzee niliyekutana naye nilimvunjia heshima. Ningemsimamisha kila mmoja nimweleze habari ya mishipa? Nikawa napita porini nisikutane na watu. Halafu siku ile ya msiba wakanicheka." Akaukung'uta vumbi ule mguu. "Uliponifunga gome hakuna aliyecheka tena. Mtoto mdogo akiniona anajua huyu hana kiburi, huyu anaumwa. Nikasema nitakaa nalo wiki mbili tu. Wiki mbili zikawa tamu. Unyayo ulipopoa nilijua. Nikasema wiki moja tena."

Nikaendelea kupepeta yale yale.

"Kwa hiyo si wewe, mtani," akasema. "Lala usingizi wako."

Miaka minne nilisubiri neno hilo. Nilidhani siku nitakayolisikia nitapumua. Lakini alikuwa amesema walimcheka, kama vile kicheko kiliota chenyewe pale uwanjani, hakina aliyekipanda. Alikuwa amesimama mbele ya mkeka, kasikia kila neno na anaijua sauti yangu. Nilimtazama usoni nione kama amesahau, au amelificha kwa ajili yangu, au anangoja niliseme mimi. Sikuona kitu. Ule uso ulishazoea kuumwa na kukaa kimya juu ya mti.

Alipoinuka aende kuwaaga wazee wengine, nilijifunga khanga nikamsindikiza. Kwetu mgeni unamsindikiza mpaka mwisho wa ua, ukimpenda mpaka njia panda. Mimi nilipita mwisho wa ua, nikapita mihogo, nikapita kisima, nikashika naye njia ya magari. Mara tatu nilisimama ili nimwombe radhi kwa maneno yale ya msibani. Mara tatu naye alisimama, akaegemea mkongojo wake, akanisubiri.

"Umechoka, mtani?" akaniuliza.

"Nimechoka," nikasema.